Insha ya uhakiki: kitabu kwa kitabu au hoja kwa hoja?

Mtahiniwa_F4
Wakuu, habari zenu. Swali letu la mazoezi: "Mwanamke ni nguzo ya familia. Thibitisha kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma. Toa hoja tatu kwa kila riwaya." Nimechagua Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Mwalimu anataka nimalize riwaya ya kwanza ndipo niingie ya pili. Kaka yangu aliye chuo anasema nipange kwa hoja, kila aya iguse riwaya zote mbili. Nishike lipi?

Mwl_Fasihi
Rudi kwenye swali, mdogo wangu. Limesema "hoja tatu kwa kila riwaya", kwa hiyo kitabu kwa kitabu ndiyo njia salama. Msahihishaji anaziona tatu hapa na tatu pale, anatoa alama, anaendelea. Ukichanganya, ni rahisi kujikuta na hoja nne za Takadini na mbili za nyingine. Ila swali likisema "linganisha", mpango huo utakuangusha: utahakiki vitabu viwili bila kulinganisha chochote.

Binti_Pwani
Mimi niko na kaka. Katika Takadini, Sekai anatoroka kijijini na mwanawe sope (mwenye ualbino) asije akauawa. Mama N'tilie anauza chakula ili watoto wale, huku mumewe Lomolomo akilewa. Wote wanaibeba familia, lakini mmoja anapambana na mila, mwingine na umaskini. Ukiwaweka aya moja, tofauti hiyo inaonekana yenyewe. Ukiwatenga kurasa mbili, inapotea, na uhakiki wenyewe uko hapo!

Mwalimu_Kakamega
Kwetu Kenya, karatasi ya 102/3, ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ni fasihi tupu: unajibu maswali manne, kila moja alama 20. Swali la dondoo, yaani la maneno yaliyonukuliwa kitabuni, halihitaji utangulizi kabisa. Unaanza na muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Kwa kawaida hizo ni alama 4, za bure kwa aliyesoma kitabu. Kwa insha ndefu nakubaliana na Mwl_Fasihi, swali ndilo linaloamua.

Mwl_Fasihi
Binti_Pwani, hoja yako nzuri, na inaweza kuingia hata kwenye mpango wa kitabu kwa kitabu. Akifika riwaya ya pili aandike, "Tofauti na Sekai anayekabiliana na mila, Mama N'tilie..." Sentensi moja inatosha.

Kinachowaangusha wengi ni kusimulia. Tazama aya hii: "Mama N'tilie ni mchapakazi. Anapika, anauza." Hapo hakuna uhakiki. Sasa hii: "Mwanamke ni mtafutaji wa riziki. Mama N'tilie anauza chakula wakati mumewe amezama katika ulevi. Mwandishi anaonesha kuwa jukumu la baba limehamia kwa mama, na kwamba juhudi zake peke yake hazitoshi, maana wanawe Peter na Zita bado wanafukuzwa shule." Hoja, tukio, maana yake.

Utangulizi uwe mfupi: fafanua dhana ya swali, taja riwaya na waandishi wake, Ben Hanson na Emmanuel Mbogo. Wasifu wao hauna alama.

Mtahiniwa_F4
Asante sana, Mwalimu. Naenda kitabu kwa kitabu, na sentensi ya kulinganisha nitaiweka. Hoja zote tatu za Takadini naweza kuzitoa kwa Sekai peke yake?

Mwl_Fasihi
Unaweza, mradi kila hoja iwe na tukio lake. Tukio la kutoroka kwake usilitumie mara mbili.