Naomba ushauri: nifanye nini watazamaji wajione waalikwa wa harusi katika igizo letu la muziki?

Mwongozaji: Ndugu zangu, salaam. Ninaongoza igizo la muziki la kikundi cha vijana hapa Dar es Salaam, linalohusu harusi inayovunjika ndoa ikiwa karibu kufungwa. Ukumbi wetu una jukwaa la mbele, viti visivyohamishika na njia mbili za kupitia. Waimbaji ni hodari, lakini watazamaji hutulia mpaka wimbo uishe, wakapiga makofi, basi. Natamani wajione waalikwa, ili harusi ikivunjika iwaume na wao. Wapo wanaonishauri niwapandishe watu jukwaani, nami nachelea kuwaaibisha. Wenye uzoefu, naomba mnielekeze.

Mpenda Jukwaa: Dada, hofu yako ina msingi. Katika The Lion King, igizo la muziki lililofika Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo jijini New York, mwaka 1997, wanyama wa wimbo wa ufunguzi hupita katikati ya viti kuelekea jukwaani na wapiga ngoma huwekwa pande mbili za ukumbi, ilhali mtazamaji hatakiwi kufanya lolote ila kugeuza shingo. Natasha, Pierre & The Great Comet of 1812, igizo jingine la muziki lililoonyeshwa Imperial Theatre, ukumbi wa hukohuko Broadway, mwaka 2016, lilikwenda mbali zaidi: baadhi ya watazamaji waliketi jukwaani, na watu waligawiwa vikayamba vidogo vya kutikisa. Hata hivyo, aliyepewa aliweza kutikisa akiwa palepale kitini. Anza na sauti na mapito. Kumwita mtu mbele za watu kusiwepo kabisa.

Fundi Sauti: Kabla ya kupanga waimbaji nyuma ya ukumbi, fikirieni mwendo wa sauti. Husafiri takriban meta 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye meta 20 kutoka kwenye bendi huisikia ngoma ikiwa imechelewa karibu sekunde 0.06, naye akiifuata, sauti yake hufika mbele ikiwa imechelewa maradufu. Wimbo huvurugika, watu wakadhani waimbaji hawajui. Wawekeeni spika ndogo karibu yao, au wamwone kiongozi wa bendi kwenye runinga na kufuata mkono wake. Njia nazo zibaki wazi, kwani maleba marefu gizani ni hatari.

Mwanapwani: Mpenda Jukwaa, hapo kwenye kushiriki natofautiana nawe. Watu wetu hawangoji kuitwa: katika taarab, ubeti ukimgusa mtu huinuka mwenyewe, akacheza hadi kwa mwimbaji na kumtuza. Kule Kamirithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walihudhuria mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, igizo la Kikikuyu, na kuyasahihisha, hata igizo likawa lao kabla ya kuonyeshwa. Serikali ikafuta kibali cha kuonyesha mwaka huohuo. Dada, wewe una harusi mkononi! Waketishe waigizaji wachache kati ya viti, wainuke kumtuza mwimbaji, na wengine watafuata kwa hiari.

Mwongozaji: Ahsanteni sana. Mwanapwani, fedha hizo ziende wapi? Kuzichukua naona ni kama kumtoza mtu kiingilio mara ya pili.

Mwanapwani: Ziwekwe kwenye sinia mbele ya bibi harusi. Ndoa ikivunjika na muziki ukikatika, somo wake ashuke na sinia hilo, amrudishie kila aliyetuza fedha yake bila kusema neno. Apewe msaidizi wa kukumbuka nani katoa nini, na hatua hiyo mwifanyie mazoezi mkiwa na watu kwenye viti, kwa sababu ndipo mtakapojua bendi inyamaze kwa muda gani.