Bukavu: umeme wa kupika hatuna, lakini projekteri za kutupofusha usiku kucha ziko!!

Wapapa, wamama, vijana wenzangu wa Bukavu na nyinyi wa diaspora munaosoma mukiwa mbali, leo adabu itakuwa kidogo, munisamehe mapema. Nataka mtu yeyote mwenye depo, hoteli, kanisa ao nyumba ya gorofa hapa mjini anieleze kitu kimoja tu: ule mwanga munaomwaga usiku kucha munamulikia nani?

Kwetu huku Nguba kuna depo moja ya vinywaji, jina sitaji maana sitaki kesi. Wamefunga projekteri juu ya ukuta, yaani taa za kumulika mbali, zile kubwa nyeupe zenye kuelekea bluu. Ungefikiri zinaangalia mlango wa depo, ao kamiyo, ao kufuli. Hapana bwana! Zinaangalia mbele, zinavuka barabara, zinavuka ukuta wetu, zinaingia kwa dirisha ya chumba cha watoto, na rido mbili nilizoweka hazizuii kitu. Mlango wenyewe wa depo uko gizani, ukipita usiku huuoni. Nikaenda kwa upole kabisa, jambo papa, habari ya kazi, naomba tu muziinamishe kidogo ziangalie chini. Jeran, yule meneja wa depo, akanijibu mbele ya wafanyakazi wake: "Kama mwanga unakusumbua, funga macho." Wakacheka.

Sawa, tucheke wote basi, maana hii mambo inachekesha kweli. Huu ni mji gani? Saa kumi na mbili ya jioni mama anataka kupika, umeme hakuna, makala ndiyo hiyo inapanda bei kila msimu wa mvua. Saa mbili hakuna. Saa nne hakuna. Saa saba ya usiku, wakati kila mtu amelala, paap! umeme umerudi, na kwa sababu kila mtu aliacha swichi kwenye kuwaka ili ajue ukirudi, kartie nzima inawaka kwa mara moja, nje na ndani, ampuli za barza, za choo, za geti, na hakuna anayeamka kuzima hadi saa mbili ya asubuhi. Na kwa nini azime? Parseli nyingi hapa hazina konteri ya kupima umeme, tunalipa kwa forfe, bei moja tu, uwashe ampuli moja ao ishirini fakti ni ile ile. Mto Ruzizi unatokea hapa hapa kwenye ziwa letu, baraji ya Ruzizi II tunagawana na Rwanda na Burundi tangu 1989, megawati zinahesabika, halafu ile kidogo tunayopata tunairusha mbinguni kumulikia mawingu. Jirani wa juu ya kilima anawasha nje usiku kucha, jirani wa chini hana ya kuchaji simu. Mimi hiyo ndiyo inanichoma kuliko yote.

Najua kuna watu washaanza kuandika "huyu ameshiba, analalamikia mwanga wakati wengine wanalalamikia giza". Soma vizuri kwanza. Sijasema tuishi gizani. Nasema taa iangalie chini pale mtu anapokanyaga, na izimwe wakati hakuna mtu. Basi.

Na musidhani ni mambo ya usingizi wa mtoto wangu tu, ingawa hata hiyo ingetosha. Mwili wa mtu una homoni inaitwa melatonini, inatoka usiku giza likiingia, ndiyo inaambia mwili kwamba sasa ni saa ya kulala. Mwanga ukiingia machoni inapungua, na mwanga wenye bluu nyingi ndio unaipiga zaidi, na hizi LED nyeupe za siku hizi ndizo zenye bluu hiyo. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kilishauri miji isiweke taa za barabarani zinazozidi Kelvini 3000 (hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga, kikipanda bluu inaongezeka). Sasa nenda butiki yoyote ya Nyawera ao sokoni Kadutu, geuza karto ya ampuli usome: 6500K, 6500K, 6500K. Mbalamwezi ya mwezi mzima, ile ambayo babu zetu waliita usiku mweupe wakacheza ngoma chini yake, haifiki hata luksi moja, kile kipimo cha mwanga unaofika mahali. Projekteri ya depo inaingiza chumbani zaidi ya hapo mara nyingi sana. Jogoo wa jirani anawika saa sita ya usiku, masikini hajui tena kama ni leo ao kesho.

Tuje kwa ziwa, maana hapa ndipo watu wa Bukavu watanielewa. Sambaza, zile samaki ndogo tunazokula, zililetwa ziwa Kivu mwaka 1959 kutoka ziwa Tanganyika, na tangu hapo zinavuliwa usiku kwa taa: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu chini, taa juu ya maji, samaki wanafuata mwanga. Kila mtu aliyekulia kando ya ziwa anajua mwezi ukiwa mzima wavuvi wanapumzika, sababu kukiwa na mwanga kila mahali taa yao haina nguvu ya kuita kitu. Sasa hoteli na nyumba za matajiri kwenye zile rasi, kule Muhumba, kule Nyofu, wameweka projekteri zinaangalia majini eti kwa urembo, ili mteja anywe bia yake akiona maji yanang'aa. Wamewapa wavuvi mwezi mzima kila siku ya mwaka! Mzee mmoja mvuvi aliniambia hapa karibu hawategi tena, wanapiga makasia hadi mbali, na huko mbali kuna upepo. Halafu tunaulizana kwa nini kipimo cha sambaza kinapanda bei. Sisemi ni mwanga peke yake, tunavua pia na nyavu za kimia hadi vitoto, hiyo nitafungulia uzi wake siku nyingine. Lakini mwanga umo.

Kumbikumbi nao munawaona wakitoka kisha ya mvua, wanazunguka ampuli hadi wanaanguka. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwa kamera kwamba mdudu hapendi taa kama tulivyofikiri: usiku anageuza mgongo upande wenye mwanga ili ajue juu ni wapi, na ampuli ikiwa pembeni yake inamvuruga, anabaki kuzunguka tu hawezi kutoka. Watoto wanafurahi wanakusanya wanakaanga, sawa, hata mimi nakula. Lakini wale wadudu wengine wanaochavusha maua usiku, nao wanafia hapo hapo chini ya taa ya depo.

Na nyota!! Bukavu tuko karibu na ikweta kabisa, nyuzi 2 na nusu tu kusini yake. Mu mwezi wa tano ukitoka nje jioni unaweza kuona Msalaba wa Kusini upande mmoja na ile Dubu Kubwa ya kaskazini upande wa pili, kwa usiku mmoja, kitu ambacho mtu wa Paris hapati hata alipe. Mwaka 2016 ilitoka ramani ya dunia yote ya mwanga wa usiku: zaidi ya watu 80 kwa 100 wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na mtu mmoja kwa watatu hawezi kuona Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota, kutoka nyumbani kwake. Nchi zilizokuwa na nafuu kuliko zote zilikuwa Chad, Madagascar na jirani yetu Jamhuri ya Afrika ya Kati. Yaani hii mali tuko nayo sisi maskini, na tunakimbilia kuiharibu ili tufanane na waliokwisha kuiharibu, wakati wao wanarudi nyuma! Ufaransa tangu 2013 vitrini za butiki lazima zizimwe saa saba ya usiku, ni sheria. Namibia waliandikisha pori la NamibRand kama hifadhi ya giza mwaka 2012, watalii wanalipa kwenda kuangalia giza. Giza, ndugu zangu, linauzwa.

Sasa wezi. Najua, najua, hali ya usalama tunaijua wote na mimi silali fofofo. Lakini jaribuni hivi: simameni mbele ya projekteri ile usiku mutazame pembeni yake. Munaona nini? Hakuna. Jicho limefungwa na mwanga, na mtu akisimama kwenye kivuli cha ukuta hatua mbili kutoka kwako humuoni, ila yeye anakuona hadi vifungo vya shati. Sentineli wa kwetu, mlinzi mwenyewe, anasema anaona vizuri zaidi taa ikizimika. Uingereza mwaka 2015 walitoa utafiti kwenye serikali za mitaa 62 zilizopunguza ao kuzima taa za barabarani usiku, wizi na ajali hazikuongezeka. Sisemi tuige, Bukavu si Uingereza, barabara zetu zina mashimo na watu wao ni tofauti na wetu. Nasema musiniletee tena "ni kwa usalama" kama taa inaangalia kitanda cha mtoto.

Tunachotaka si bajeti ya serikali. Projekteri iinamishwe, iwekewe kofia ya tole, yaani bati. Detekteri kwenye geti iwashe mtu akipita, izime akiondoka. Ampuli za nje ziwe za njano, 2700K ao 3000K. Ukilala zima swichi za nje, jamani, umeme ukirudi utajua tu, friji italia. Na shefu wa avenyi, wewe unayekuja mbio kwetu kukusanya pesa za salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ita wenye depo na hoteli uwaambie, hiyo nayo ni kazi yako.

NAONGEZA, maana nimeona majibu:

Wewe unayesema nihamie kijijini, asante, lete kamiyo uje unihamishie vyombo.

Yule mama wa Panzi anayeuliza kama njano inaangaza kidogo: hapana mama, ukubwa wa mwanga unaandikwa kwa lumeni, hiyo Kelvini ni rangi tu. Chukua yenye lumeni zile zile, utaona vizuri, na jirani atalala.

Na kama kuna anayejua fundi wa tole upande wa Kadutu mwenye bei ya haki aandike hapa. Kofia za projekteri nitalipia mimi na majirani, jeran tumechoka kumuomba. Ngazi tunayo. Akikataa kutufungulia geti, tutamfuata shefu pamoja, wamama na watoto wao wasiolala wakiwa mbele.