Mchoro wa mbwamwitu wa Ethiopia wa kuchangia uhifadhi: rangi, nakala na mgao wa fedha

Penseli2B:
Wakuu, habari. Nachora mbwamwitu wa Ethiopia kwa penseli za rangi, ukubwa wa A3. Nataka kuchapa nakala 50 zenye namba, sehemu ya mauzo iende kwenye uhifadhi. Manyoya mekundu yanatoka kama matope, tatizo nini? Nakala nizichape vipi zisipauke? Na mgao niuelezeje mnunuzi asidhani anapigwa changa la macho?

Manyoya:
Matope hayo ni ya penseli nyeusi, mkuu. Ukiitumia kutia kivuli juu ya nyekundu, rangi inakufa. Anza na njano ya udongo kwa mkono mwepesi, kisha chungwa, kisha kahawia nyekundu, tabaka tano au sita huku ukichonga penseli kila mara. Kivuli tia kwa bluu iliyokolea. Nyeusi ibaki puani, kwenye mboni na ncha ya mkia.

Weupe wa koo na kifua ni karatasi yenyewe. Penseli nyeupe haifuniki nyekundu. Pale rangi mbili zinapokutana, vuta mstari kutoka kwenye nyekundu kuingia kwenye nyeupe, na uinue mkono kabla hujafika mwisho ili unywele uishie na ncha.

Halafu umbo. Wengi huchora mbwamwitu wa kijivu wakampaka nyekundu. Huyu ana pua ndefu nyembamba, miguu mirefu na meno madogo yaliyoachana, kwa sababu chakula chake kikuu ni panya na fuko. Kumchora amekenua meno kwenye theluji na misonobari ni kichekesho: anaishi juu ya mita 3,000, kwenye milima kama Bale na Simien, kwenye nyasi na mimea mikubwa ya lobelia.

Mchapaji_A3:
Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Kuchapa A3 kwa nukta 300 unahitaji pikseli 3508 × 4961, kwa hiyo ziada ipo. Kama skana ni ya A4, chukua vipande vitatu vinavyopandana sentimita 3 na uzime marekebisho ya kiotomatiki, la sivyo kila kipande kitakuwa na mwanga wake na mshono utaonekana katikati ya mgongo wa mnyama.

Ili zisipauke, tumia karatasi ya pamba isiyo na asidi, gramu 300 kwa mita ya mraba, na wino wa pigmenti (wa chembe za rangi). Chapa kwanza kipande kidogo chenye koo na bega, ukilinganishe na mchoro mchana karibu na dirisha. Chungwa ndiyo hukimbilia kwenye waridi. Namba (12/50) kushoto, saini kulia, zote kwa penseli.

Hesabu_Kwanza:
Usiandike "asilimia ya faida". Faida inaweza kuwa sifuri na hakuna wa kukuuliza. Andika asilimia ya bei ya kuuzia. Ila piga hesabu kwanza: kwa kila 100 ya mauzo, gharama zikila 45 na umeahidi 40, unabaki na 15. Nakala moja ikikunjika njiani ukaichapa upya, umekula masalio ya nakala tatu. A3 isafiri bapa kati ya makadibodi mawili.

Taja jina la shirika baada ya kupata kibali chao cha maandishi. Wapo Ethiopian Wolf Conservation Programme, tangu 1995. Wanachanja dhidi ya kichaa cha mbwa, kinachotoka kwa mbwa wa kufugwa, na mbwamwitu wazima waliobaki hawafiki 500. Lakini usiahidi "nakala moja, chanjo moja" kama wao wenyewe hawajakupa hesabu hiyo.

Penseli2B:
Nimewaelewa. Kwenye cheti cha kila nakala niandike "mbwamwitu" tu?

Manyoya:
Ongeza jina la kisayansi, *Canis simensis*. Wengine wanamwita "mbwamwitu" yule *Lycaon pictus* mwenye mabaka na masikio ya duara, na mnunuzi akitafuta mtandaoni atadhani umechora mnyama mwingine. Na picha uliyochorea ni ya nani? Kama si yako, kibali cha mpigapicha kiwepo kabla ya nakala ya kwanza.