Mrejesho: Kayaki Matema na marafiki wasiojua kuogelea

Wakuu, niliwauliza kama inafaa kuwapeleka rafiki zangu wasiojua kuogelea wakapige kasia Ziwa Nyasa. Tumeenda, tumerudi salama, na nawashukuru kwa moyo wote.

Ule ushauri wa kuingia majini mapema ndio uliotubeba. Asubuhi ziwa lilikuwa shwari kabisa, milima ya Livingstone imetusimamia kando. Tulifuata ufukwe taratibu kuelekea Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi, bila kuyaacha mawe ya ukingoni. Hapo maji ni maangavu mno: ukiinama unawaona samaki wadogo wa buluu wakidonoa mwani kwenye mawe. Rafiki yetu aliyekuwa mwoga kuliko wote aliachia kingo za kayaki, akalaza kasia mapajani, akawa anatuita tuje tuone!

Jaketi okozi alivaa kila mtu. Ziwa lenye kina cha takriban mita 700 halina mjadala. Upepo ulipoanza kukunja maji, tukageuza.

Mkienda, chagueni Jumamosi, siku ya soko la vyungu Lyulilo. Mimi nimejipatia cha kupikia maharage.