Ukuta wangu wa ufukweni Lindi umekula mchanga, na jirani ananilaumu. Niongeze kimo?

Mwana wa Kusi: Wakuu, salaam. Nina kiwanja cha urithi kaskazini kidogo ya mji wa Lindi, kinapakana na bahari. Maji yalikuwa yanamega ardhi kidogo kidogo, nikakusanya hela za korosho nikajenga ukuta wa zege, wima, mita 22, unanifika kifuani. Fundi akaniapia kuwa bahari imekoma. Kusi ya kwanza, yaani msimu wa upepo wa kusini, ikapita salama. Ya pili, mchanga wa mbele umeshuka hadi msingi uko nje, unapitisha mkono chini yake. Cha ajabu, hatua kama tano kutoka ukutani kumejichimba mtaro sambamba na ukuta, kama mtu kapita na jembe. Halafu bibi jirani yangu upande wa kaskazini, minazi yake miwili imelala. Kila asubuhi ananiambia: "Mjukuu wangu, bahari umeisukumia kwangu." Nafikiria kuongeza kimo. Ushauri tafadhali, kejeli punguzeni.

Kozi Nne: Panda kozi nne za tofali, weka nondo za kutosha, mchezo umeisha.

Ticha wa Fizikia: Mkuu, usiongeze hata kozi moja. Ukuta wima hauli nguvu ya wimbi, unairudisha karibu yote. Linalokuja na linalorudi yanajumlishana, na pale ukutani maji yanapanda karibu mara mbili ya wimbi lilivyokuja.

Sasa huo mtaro. Kwenye maji ya kina kifupi, kasi ya wimbi ni kipeuo cha pili cha 9.8 (mvutano wa dunia) mara kina. Tuseme maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakijaa una mita 1 mbele ya ukuta: kasi ni mita 3.1 kwa sekunde. Kama wimbi linafuata jingine kila baada ya sekunde 5, kutoka kilele hadi kilele ni mita 15 na nusu hivi. Robo yake ni kama mita 4. Umbali huo kutoka ukutani, linalokuja na linalorudi yanafutana: maji hayapandi wala hayashuki, ila chini yanakwenda na kurudi kwa kasi kuliko kwingine, na mchanga unasombwa. Hatua zako tano ndizo hizo.

Mzee wa Ngalawa: Vipeuo sivijui, lakini ukipita na ngalawa karibu na ukuta wima maji yanapigana yenyewe kwa yenyewe, unashika usukani kwa mikono miwili. Ukipita kwenye mikoko, kimya. Mizizi inalichana wimbi vipande vipande.

Mwana wa Kusi: Ticha, nimeelewa. Na bibi je? Yeye hana ukuta.

Ticha wa Fizikia: Ndiyo maana anaumia. Wakati wa kusi mawimbi yanakuja kwa mshazari. Sehemu iliyofika maji mafupi inapunguza mwendo, iliyoko kilindini inaendelea, kwa hiyo wimbi linapinda kuelekea pwani lakini halinyooki kabisa. Mshazari unaobaki ndio unaosukuma mchanga kaskazini. Zamani sehemu ya mchanga wa bibi ilitoka kwenye ardhi yako. Umeifungia nyuma ya zege. Bibi hakusoma, lakini kaona sawasawa.

Fundi Mawe: Mimi ningemwaga mawe makubwa mbele ya huo ukuta kwa mteremko, kila mita 1 ya kimo itoke mita 2 mbele, chini yake kokoto za kuzuia mchanga usivutwe. Usizibe matundu kwa saruji! Wimbi linaingia humo, linatawanyika, linachoka. Likirudi na nusu ya kimo chake, nguvu iliyorudi ni robo tu, maana nguvu inafuata kimo mara kimo. Matumbawe usiguse, mwamba ule ndio unaovunja mawimbi kabla hayajakufikia.

Ila kuna jambo hujalitaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inagusa ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nenda halmashauri, waulize na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), kabla lori la kwanza halijamwaga.

Kozi Nne: Kozi zangu nimezifuta.

Mwana wa Kusi: Leo maji yalipokupwa nimepima kwa kamba: mita 3.8 hadi katikati ya mtaro. Ticha, nimekaa chini. Kesho naenda halmashauri. Bibi anataka twende wote, anasema yeye ndiye shahidi.