Unga wa lishe: afisa afya ataangalia nini kwenye lebo?

Msindikaji_Moro:
Wakuu, salaam. Unga wa lishe wa mahindi, soya, ulezi na karanga, pakiti za kilo 1, unauzwa maduka ya mtaani hapa Morogoro. Lebo ina jina la bidhaa, namba ya simu na msimbopau. Tarehe inaandikwa kwa kalamu. Nini kinapungua, na sumukuvu (sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka na karanga) inapimwaje?

AfyaKata:
Msimbopau si kibali, mkuu. Ile 620 ya mwanzo inaonyesha tu kwamba namba imesajiliwa GS1 Tanzania, wanaotoa misimbopau. Usajili wa chakula uko TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, ulipohamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) upate barua ya utambulisho, inapunguza gharama kwa mjasiriamali mdogo.

Kwenye lebo ongeza viambato, uzito halisi (bila pakiti), jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi na kupika. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kwanza. Ukichanganya mahindi kilo 6, soya 2, ulezi 1.5 na karanga nusu kilo, mahindi ndiyo yanatangulia. Wanaoanza na soya ili unga uonekane una protini nyingi wanamdanganya mama anayelisha mtoto. Soya na karanga zionekane wazi kwa ajili ya wenye mzio. Usiandike kwamba unatibu ugonjwa wowote, wala kwamba unamfaa mtoto wa chini ya miezi 6.

Na vyeti vya kupima afya vya wanaofungasha viwe karibu. Vinaulizwa mapema.

Bechi_kwa_Bechi:
Kalamu inafutika kwenye nailoni, hasa mikono ikiwa na mafuta ya karanga. Tumia mhuri wa tarehe kwenye karatasi ya lebo kabla ya kuibandika. Bechi iandikwe hivi: 140625A, yaani bechi ya kwanza ya 14 Juni 2025. Kwenye daftari, mbele ya namba hiyo, andika magunia yalikotoka, kilo zilizosagwa na maduka yaliyopelekewa. Bechi moja ikikutwa na tatizo unarudisha hiyo peke yake. Bila namba, hakuna namna ya kuonyesha kwamba pakiti nyingine ni salama, na zote zinazuiwa.

Ghala_Kavu:
Kikomo cha sumukuvu Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1. Kuvu haienei sawasawa. Punje chache zinaweza kuharibu gunia zima. Kwa hiyo konzi moja ya juu haikuambii kitu. Choma bambo (kichomeo cha kutolea nafaka ndani ya gunia) juu, katikati na chini ya kila gunia, saga sampuli zote pamoja, changanya, ndipo upeleke maabara.

Kukaanga hakumalizi sumu hii. Chambua kwanza, utupe punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, na usizipe kuku. Mahindi yasizidi unyevu wa 13.5%, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa mahindi waliyohifadhi majumbani.

Msindikaji_Moro:
Asanteni sana. Karanga zibaki kwenye mchanganyiko?

Ghala_Kavu:
Zitoe. Mafuta yake yanaharibika haraka, unga unaanza kunuka kabla ya tarehe uliyoandika. Elekeza kwenye lebo ziongezwe wakati wa kupika uji, zikiwa zimepondwa. Soya ichemshwe kabla ya kukaushwa na kusagwa. Ikiwa mbichi inazuia mwili kumeng'enya protini. Ukibadili mchanganyiko, badili na lebo siku hiyohiyo.