Mume kajikata na panga, kidondani kunaota nyama nyekundu: ndiyo kupona au kinaharibika?

MamaTatu_Tandahimba: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mume wangu alijikata na panga ugokoni akifyeka chini ya mikorosho. Shamba liko mbali, zahanati tukafika kesho yake. Wakasafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda, ila hawakushona. Sasa ni wiki ya pili. Usaha hakuna, harufu hakuna, lakini ndani kumeota nyama nyekundu yenye vipunje kama mayai ya samaki, ukiigusa tu inatoa damu. Pembeni pamevimba kiasi na usiku panamuwasha.

Jirani anasema nifungue kidonge cha rangi mbili nimwagie unga. Mama mkwe anataka mguu uanikwe juani, na kamkataza samaki na mayai. Mwenyewe anawaza korosho tu, zimeanza kudondoka. Nimsikilize nani?

Pweza_Mikindani: Pole shem. Mwambie korosho hazina miguu.

NesiZamuYaUsiku: Pole dada. Hiyo nyama nyekundu usiiogope, ndiyo kupona kwenyewe. Damu ikishaganda, mwili hutanua mishipa ili chembe nyeupe zifike. Za kwanza huua vijidudu, halafu huja kubwa zaidi zinazokula uchafu na nyama iliyokufa. Ndiyo maana siku za mwanzo panavimba, panakuwa pa moto na panauma. Hizo kubwa ndizo pia zinazoamrisha kazi ya kujenga ianze. Vimishipa vipya vinachipua, na kila kipunje unachokiona kimejaa vimishipa hivyo, lazima kitoe damu ukikigusa. Katikati zinafumwa nyuzi za kolajeni, ile protini inayoipa ngozi nguvu, kisha ngozi inatambaa kutoka pembeni. Kuwasha kipindi hiki ni kawaida.

Hawakushona kwa sababu kidonda kichafu kilichochelewa ukikifunga unafungia vijidudu ndani. Kikiachwa wazi kinajaa kutoka chini.

Unga wa rangi mbili achana nao kabisa, unaweza kumletea mzio na unafanya ukoko unaoficha kinachoendelea chini. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funika na bandeji safi, badilisha ikilowa. Amepimwa sukari? Sukari ikiwa juu, hata kidonda kidogo kinagoma.

BabuWaNachingwea: Sisi tulianika juani na vikapona.

Mwl_Baiolojia_Lindi: Shikamoo babu. Vilipona, ila kwa kuchelewa. Mwaka 1962 Mwingereza George Winter alijaribu kwa nguruwe: vidonda vilivyofunikwa kwa plastiki laini viliota ngozi karibu mara mbili kwa kasi kuliko vilivyoachwa vikauke. Ngozi mpya inatambaa penye unyevu. Pakiwa na gaga kavu inabidi ijipenyeze chini yake.

Na hilo la samaki na mayai mimi naliona ndilo kosa kubwa kuliko yote hapo. Kolajeni haifumwi bila protini na vitamini C. Protini ampe hao hao samaki, mayai, mbaazi za nazi. Vitamini C iko hapo hapo shambani: bibo linalishinda chungwa, na watu wanayaacha yanaoza chini ya mikorosho! Kama anavuta sigara apumzike nayo, inabana mishipa.

MamaTatu_Tandahimba: Asanteni sana. Mama mkwe nitamwendea taratibu, nitaanza na mbaazi. Sukari hajawahi kupima. Je, kikishafunga arudi shamba? Na diklofenaki ananunua dukani kila siku, aendelee?

NesiZamuYaUsiku: Diklofenaki ya kila siku aache, itamla tumbo. Panadol inatosha. Sukari apimwe safari hii hii ya kwenda kubadilisha bandeji.

Shamba asikimbilie. Kovu la wiki 3 lina kama robo tu ya nguvu ya ngozi ya awali. Kufikia miezi 3 linakaribia asilimia 80, na hapo ndipo linapoishia. Kuokota anaweza akianza mdogo mdogo, suruali ndefu na buti. Kubangua hapana, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi nzima, sembuse hiyo changa.

Ukiona wekundu unasambaa au mstari unapanda kuelekea pajani, homa, harufu, au maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, mrudishe siku hiyo hiyo. Taya zikikaza, hiyo ni dalili ya pepopunda, usisubiri kuche.

Pweza_Mikindani: Shem, hizo korosho nitumie lokesheni, nina vijana wawili hapa hawana kazi.